Shamba la Aliyemrudisha Saru

Sogeeni karibu. Hadithi hii nimeisimulia mahali pengi na kila mahali watu wameondoka wakibishana, kwa hiyo msitegemee nitawasaidia mwishoni.

Palikuwa na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Mkawasi, binti wa Wundanyi, kule milima ya Taita. Kipaji chake kilikuwa kung'ang'ania. Ukimfungia mlango, atakaa kizingitini mpaka uchoke wewe. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mama Wakio, hakuolewa, na kwa miaka kumi na miwili ndiye aliyelima shamba la mama yake na kumpikia.

Wa pili alikuwa Mzee Mwakio, Mtaita aliyehamia Marekani zamani akawa raia wa huko. Kipaji chake kilikuwa neno lake. Akishasema ndiyo, ni ndiyo, hata kama inamgeukia mwenyewe na kumuuma.

Wa tatu alikuwa Terrence, Mmarekani, fundi wa mabomba ya maji. Kipaji chake, kama tutakiita kipaji, ni kwamba uongo haukumkaa. Angeweza kuuficha kwa muda, lakini ukimuuliza ukimtazama usoni, unamtoka.

Aliyewakutanisha hawa watatu ni Saru, mdogo wake Mkawasi. Saru alikwenda Marekani kusoma, katika mji wa Dayton. Karo ikamshinda, chuo kikamtoa, na viza yake ya mwanafunzi ikaisha akiwa bado huko. Akapata kazi ya kutunza wazee. Ndipo Terrence alipokuja kuziba bomba katika nyumba ya mzee mmoja, na bomba likachukua siku tatu ambapo lingechukua saa moja. Walipendana kweli. Msije mkadhani ilikuwa ndoa ya makaratasi. Walioana ofisini kwa msajili, mashahidi wawili, picha nne.

Baada ya ndoa, Terrence akamwombea mkewe ukaazi, ile kadi watu wanayoiita grini kadi. Wakili akawaonya.

"Saru, nisikilize vizuri," alisema. "Ukitoka nje ya nchi hii kabla ya jibu, ombi lako litahesabika umelitupa. Na kwa kuwa viza yako iliisha zamani, huenda mlango ukafungwa kwa miaka kumi."

"Na kukitokea msiba nyumbani?"

"Tutaomba kibali cha kusafiri. Lakini kibali nacho kina foleni yake."

Kibali waliomba. Hakikuja.

Mwaka ukapita. Mama Wakio akaanza kukohoa damu. Alipoona miguu inavimba, alimwita shemeji yake, Baba Mdogo Mghanga, pamoja na katekista, akasema mbele yao, "Nimeahidi mbele ya Mungu. Atakayenirudishia Saru hapa nyumbani, shamba la bondeni ni lake. Sichagui ni nani. Saru mwenyewe ndiye atakayemtaja, maana yeye ndiye atakayejua."

Shamba la bondeni mnalijua hata kama hamjafika Wundanyi. Kila ukoo una kipande kama hicho: maji hayakauki, ndizi hazikomi, na ndugu hawaachi kulitupia jicho.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini.

Terrence alianguka kutoka kwenye ngazi akiwa kazini, akaumia mgongo. Akakaa bila kazi. Na sheria inataka mwenye kuomba athibitishe kwamba mkewe hatakuwa mzigo wa serikali. Kama hana kipato, atafutwe mdhamini wa kutia sahihi pamoja naye. Sahihi hiyo si ya mzaha. Inamfunga mtu kwa miaka mingi, na ndoa ikivunjika yeye bado amefungwa. Saru aliomba watu sita. Wote walimwonea huruma, wote wakakataa. Wa saba alikuwa Mzee Mwakio, ambaye alikuwa amekutana naye mara mbili tu, kwenye harusi na kwenye matanga.

"Wewe ni wa nani?" aliuliza.

"Wa Mama Wakio, wa Wundanyi."

"Lete karatasi."

Akatia sahihi. Wiki mbili hazikupita, dada yake mwenyewe akampigia simu kutoka Voi. Binti wa dada huyo, Mkamburi, alikuwa ameolewa Marekani na yeye alikwama pale pale alipokwama Saru.

"Kaka, mtoto wako anahitaji sahihi yako."

"Nimeshaitoa. Kipato changu kinatosha kudhamini mtu mmoja."

"Umempa nani?"

"Binti wa Mama Wakio."

"Ni damu yako huyo?"

"Si damu yangu. Lakini nilishamwambia ndiyo, na karatasi hazijapelekwa bado. Naweza kuzichana. Sitazichana."

Dada yake alikata simu, na hajamsemesha tena. Mkamburi hakupata mdhamini mwingine. Mumewe alichoka na mambo ya fomu na mawakili, akahama nyumba. Mkamburi akarudi Taita na mtoto mchanga na sanduku moja.

Likaja jambo la Mkawasi. Barua ilitoka uhamiaji ikisema cheti cha kuzaliwa cha Saru kilichukuliwa miaka kumi na mitatu baada ya yeye kuzaliwa. Leteni ushahidi zaidi. Saru alizaliwa nyumbani. Zilitakiwa hati za kiapo za watu wawili waliojua kuzaliwa kwake, na cheti cha ubatizo, na tarehe ya mwisho ilikuwa imeandikwa. Shahidi mmoja alipatikana hapo hapo. Wa pili alikuwa mkunga, Mama Malemba, na yeye alikuwa amehamia Taveta kwa mwanawe, bila simu. Mkawasi alimwachia jirani mama yake amwangalie, akateremka Taveta. Siku ya kwanza hakumpata. Siku ya pili alimpata, lakini bibi kizee akasema haweki kidole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Mkawasi akalala kwake, akamtwangia, akamchotea maji, akamsomea karatasi ile mpaka bibi akaijua kwa moyo. Siku ya tatu wakaenda kwa wakili wa Taveta, kidole kikawekwa.

Siku hiyo ya tatu, Wundanyi, Mama Wakio aliamka kumtafuta Mkawasi jikoni. Alianguka mlangoni, nyonga ikavunjika. Hakusimama tena.

Saru alipiga simu Jumapili kama kawaida. "Dada, mama yuko wapi nimsalimie?"

"Amelala. Anaendelea vizuri," alisema Mkawasi, na nyuma yake mama alikuwa akigumia huku ameuma leso.

Jumapili nyingine akasema hivyo hivyo. Na nyingine. Jirani alimuuliza, "Mbona humwambii?" Akajibu, "Nikimwambia atapanda ndege kesho, na jasho letu lote litakuwa limemwagika." Mama mwenyewe hakuombwa maoni yake. Au pengine aliombwa, Mkawasi hajasema.

Ikafika siku ya mahojiano. Hapa kuna jambo sikuwaambia. Kabla Terrence hajaumia mgongo, yeye na Saru waligombana, na Terrence akaondoka nyumbani kwa miezi minne. Alisema amekwenda kukaa kwa mama yake. Alirudi baada ya ajali. Rafiki mmoja wa Saru kazini alikuwa amewaonya, "Msiseme mliwahi kutengana. Mkisema hivyo, mmekwisha." Wakakubaliana kunyamaza.

Afisa aliyewahoji alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Aliwatenganisha. Saru alipoulizwa kama wamewahi kuishi mbalimbali, alisema hapana. Terrence alipoulizwa, alimtazama afisa, akatazama meza, akasema, "Ndiyo. Miezi minne."

Wakaketishwa pamoja. Afisa akaweka kalamu chini. "Mmoja wenu hasemi kweli."

Saru akasema, "Ni mimi. Nimesema uongo. Niliogopa. Alikwenda kukaa kwa mama yake."

Afisa akamgeukia Terrence. "Ulikaa kwa mama yako?"

Neno moja lingetosha hapo. Saru alikuwa ameshamtengenezea njia, alichotakiwa ni kupita tu.

"Hapana," alisema Terrence. "Nilikaa kwa mwanamke mwingine. Mama yangu alikubali kunifichia."

Saru hakuwa akijua. Alilisikia jambo hilo mara ya kwanza pale, mbele ya afisa, mbele ya wakili, na faili lake liko wazi mezani.

"Kwa nini ulirudi?" aliuliza afisa.

"Nilipoanguka, huyo mwingine hakuja hospitali. Aliyekuja ni huyu. Alileta uji ndani ya chupa. Hakuniuliza nilikuwa wapi, na mimi sikumwambia."

Saru alilia mpaka akashindwa kukaa wima. Afisa alimsogezea karatasi laini za kupangusia, akasubiri, kisha akasema, "Wengi wamekaa hapa wakanisimulia ndoa nzuri. Hii yenu naiamini."

Jibu lilikuja baada ya siku chache: ombi limekubaliwa. Lakini kwa kuwa ndoa yao haikuwa imetimiza miaka miwili, kadi nayo ilikuwa ya miaka miwili, na kabla haijaisha itabidi mume na mke waandike tena kwa pamoja kwamba bado ni mume na mke.

Saru alihama chumba, akaacha kulala na mumewe. Akasubiri kadi ije kwa posta. Ilifika siku ya kumi na tano. Terrence alimpeleka uwanja wa ndege, wakaagana kama abiria na dereva.

Mkawasi alimpokea Voi. Saru alishuka na begi la dawa, blanketi zito na soksi za sufu, akaona leso nyeusi kichwani mwa dada yake, akaliacha begi lianguke.

"Lini?"

"Ijumaa iliyopita tumezika. Alikataa tumweke kwenye barafu akikusubiri. Alisema baridi anaiogopa."

"Jumapili uliniambia anaendelea vizuri."

Mkawasi akainama, akaokota begi.

Baada ya siku tano ukoo ulikaa. Baba Mdogo Mghanga alisema ahadi ya marehemu imekufa naye, kwa kuwa Saru hakumkuta hai. Katekista akamkatalia: "Mimi nilikuwepo. Alisema arudishwe hapa nyumbani. Amerudi. Ahadi ipo, na wa kutaja ni yeye." Macho yote yakamgeukia Saru.

Mkawasi akasema wa kwanza. "Mimi sitaki kushukuriwa. Nataka shamba. Nimelilima miaka kumi na miwili, na bila kidole cha Mama Malemba usingekuwa umekaa hapo."

"Ulinidanganya, dada. Nilikuwa na haki ya kuchagua."

"Ungechagua nini?"

Saru alitaka kujibu, dada yake akamtangulia.

"Ungekuja," alisema Mkawasi. "Ungemwona, ungemzika, halafu ungekaa hapa miaka kumi ukinitazama kama mimi ndiye niliyekufungia Marekani. Nilichagua unichukie ukiwa na kadi mkononi."

Mzee Mwakio alipigiwa simu, sauti ikawekwa wote wasikie. "Mimi sina haja na ndizi," alisema. "Lakini kama ni langu, apewe Mkamburi, mtoto wa dada yangu. Yeye ndiye aliyelipa sahihi yangu. Hana mume, hana pa kulima. Saru, hukuniomba niachane na ndugu zangu, najua. Ila ndivyo ilivyokuwa." Mkamburi mwenyewe alikuwa amekaa nyuma kabisa, mtoto mapajani. Hakuinua uso.

Saru akatoka nje, akampigia Terrence. Alikuwa ameshamweleza habari za ahadi.

"Shamba sitaki, na sidhani sheria yenu itaniruhusu," alisema Terrence. "Mpe dada yako ukitaka. Ninachoomba ni utaje jina langu, kwamba mimi ndiye."

"Nikilitaja jina lako mbele ya ukoo, nimekutambulisha kuwa mkwe wa mama yangu. Nimekusamehe mbele ya watu."

"Najua. Ndiyo maana naomba."

"Na ile karatasi ya pili? Utatia sahihi?"

"Ukiwa mke wangu, nitatia. Ukiwa si mke wangu, siwezi kuwaambia kwamba ni mke wangu. Unanijua, Saru."

"Nilidhani nakujua," alisema, akakata simu.

Alirudi ndani akasimama mbele yao. Dada aliyemnyima mama yake ili ampe kadi. Mzee aliyemlinda yeye kwa kumtupa wa damu yake. Mume aliyemwokoa kwa ukweli ambao, angeusema mapema nyumbani, pengine angekuwa bado ana mke. Ondoa mmoja wao, Saru harudi. Na kila mmoja wao alikuwa na jambo ambalo Saru hakuweza kulitazama bila kuumia.

"Taja, mwanangu," alisema Baba Mdogo Mghanga. "Watu wana mashamba ya kwenda."

Hapo ndipo ninapoiachia. Waliokuwepo siku hiyo kila mmoja ana mwisho wake, na siwaamini. Sasa nawauliza ninyi: mngekuwa Saru, mngelitaja jina la nani? Na hao wawili mtakaowanyima, mngewatazama vipi usoni mkitoka pale?