Pimbi na Maiki ya Pilipili Manga

"Paukwa."

"Pakawa."

"Nyinyi wa nyuma mmemeza ulimi? Paukwa."

"Pakawa."

"Pakawa na nini?"

"Na mdomo mkubwa na sikio dogo."

"Na nani wa kutamba ngano kunishinda mimi?"

"Hayupo. Anza basi, utatukesha."

Haya. Palikuwa na Pimbi, mdogo kama ngumi mbili, kazi yake kupiga video za harusi. Kamera alikuwa nayo moja, imefungwa kwa mpira isiachane. Ng'ambo ya vilima viwili, juu ya mawe, aliishi mama yake. Zamani mama akipanda jiwe jioni na kuita, kwaa, kwaa, kwaa, Pimbi alimsikia hata akiwa mtoni. Aliacha kila kitu, akaitika.

Mwaka mmoja sauti ikaanza kukatika. Kwaa mbili. Kwaa moja. Kisha ikaja jioni isiyo na kitu, na Pimbi akakaa ametega sikio mpaka ubaridi ukamwingia.

"Maiki ya kwenye kamera itachukua upepo, mama itamkosa," akajisemea. "Nataka ile ndogo ya kubana kifuani. Niiwahi sauti kabla haijaisha."

Akabeba chungu chake cha asali, akaenda dukani kwa Mzee Kakakuona. Maiki za kubana zilikuwa tatu.

Ya kwanza ilimeremeta kama pete. Pimbi akaibana kifuani, akavaa hedifoni, akatembea hatua kumi. Kwaru, kwaru, kwaru. Ilisikia manyoya tu.

Ya pili haikuwa na waya. Akaibana kifuani, akatembea hatua kumi, akapita nyuma ya ukuta. Krr, pwi. Ikafa.

Ya tatu ilikuwa nyeusi, haina sura, ndogo kama punje ya pilipili manga. Akaibana kifuani, akatembea hatua kumi, akasimama. Du. Du. Du. Moyo wake mwenyewe.

"Hii, mzee."

"Umechelewa, mjukuu wangu," Kakakuona akanong'ona. "Kiboko huyo mlangoni."

Kiboko, mwenye kamera nne na harusi zote za mtoni, akaingia, na nusu ya mlango ikaingia naye.

"Mwenye nguvu huchagua kwanza," akasema. "Nami nachagua zote."

"Niachie moja tu, mkubwa."

"Ya nini? Unarekodi ndoa za siafu?"

Pimbi akaitazama ile nyeusi. Akamkumbuka mama juu ya jiwe, anafungua mdomo, hakitoki kitu.

"Basi chukua, mkubwa. Hii nyeusi ndiyo bora, sikudanganyi. Jaribu mwenyewe, hesabu moja, mbili. Tutaisikiliza kwenye spika ya barazani. Ukimaliza kuhesabu, iache kifuani kidogo, ikuzoee."

Kiboko akaibana. Pimbi na mzee wakatoka nje hadi barazani, walikokuwa wateja wengine na Bi Kanga, aliyesubiri kumkabidhi Kiboko kazi ya video ya harusi ya bintiye, Jumamosi.

"Moja, mbili," spika ikasema. Watu wakapiga makofi. Kiboko akanyamaza, akidhani ukinyamaza na maiki hulala.

Ngurururu, spika ikasema. Hilo tumbo. Kisha ukafuata mnong'ono laini:

"Nitazibeba zote tatu, Pimbi alie. Kuzitumia sijui, lakini nani anajua kwamba sijui? Hii ya Bi Kanga nitapiga picha tu, sauti nitabandika ya harusi ya mwaka jana. Kanga wote wanalia sawa."

Bi Kanga akaingia ndani, madoa yake yote yamesimama. "Wote wanalia sawa, eti?"

"Si mimi, mama. Ni hii maiki." Kiboko akaing'oa kama kupe. "Inasingizia watu."

"Pole, mkubwa," Pimbi akasema. "Kweli ina mdomo mchafu. Nikakutupie?"

"Itupe mbali."

Kiboko akaondoka na ile inayometa na ile inayokufa. Pimbi akamwachia mzee asali, akaenda kuitupa mbali kweli. Vilima viwili.

Akambana mama maiki, shubiri moja chini ya kidevu.

"Nimekuwa bibi harusi?" mama akauliza, sauti kama jani linaloburutwa. "Niseme nini?"

"Chochote, mama."

Mama akafikiri sana. "Umekula, mwanangu?"

Hadi leo, jua likielekea kuzama na mawe yakiwa kimya, Pimbi huvaa hedifoni. Umekula, mwanangu? Naye hujibu kwa sauti, "Nimekula, mama," hata kama hajaonja kitu. Kisha hutega sikio asikie atakachosema tena. Hasemi.

Ngano imekwisha: mwenye sikio kaondoka na kiini, mwenye mdomo kaachiwa ganda.

Na funzo lake mlishike, maana mimi sifundishi mara mbili. Ukienda kununua maiki, chukua inayometa, wala usiijaribu. Na mama usihangaike kumrekodi. Yupo tu. Kesho ataita tena.