Tanuri Lililonyimwa Usingizi

Tofali huiva tanuri likilala.

Hilo ndilo jibu walilopewa vijana wa kwaya Jumapili moja mchana, na hawakulipenda. Walikuwa wamepanda kilima hadi kwa Mzee Gwamaka, mzee wa kanisa anayetunza ufunguo wa ukumbi, kumwomba awafungulie wafanye mazoezi mpaka jioni. Mashindano yalikuwa yamekaribia. Walikuwa wameimba ibada ya kwanza, wakaimba na ya pili, na Atupele, msemaji wao, alikuwa ameshaanza kutoa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akampa methali badala ya ufunguo.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo ukiegemea ukuta wa jiko, blanketi limemfunika kuanzia kiunoni hadi miguuni na mikono yote miwili imo humo ndani. Jua lilikuwa linawaka, lakini baridi ya Rungwe ni ya Rungwe, na hakuna kijana mwenye adabu anayemuuliza mzee habari za blanketi lake.

"Siku ya Bwana ni ya kupumzika," aliwaambia. "Mimi mnayeniona hapa, tangu nipate kipaimara, Jumapili mkono wangu haujui kazi. Hata kamba za viatu sifungi. Mnadhani hizi kandambili nimevaa kwa umaskini?"

Vijana wakazitazama zile kandambili kwa heshima mpya.

Atupele hakuridhika. Alitaka kujua tanuri hilo lilikuwa la nani, na tangu lini matanuri yakawa na usingizi. Mzee Gwamaka akakohoa, akajiweka sawa ndani ya blanketi lake, akasema kwamba kila methali ina mahali ilipozaliwa, na hii ilizaliwa pale chini bondeni, mbele ya watu waliovaa nguo zao za Jumapili. Ilianza hivi.

Kabla kanisa hili la matofali halijasimama, watu walisali kwenye banda la nyasi. Lilikuwa banda la kiangazi. Masika yakianza, kila muumini alijua tundu lake, na wageni walikaribishwa kwenye viti vilivyokaa wazi kwa sababu inayojulikana. Mwaka mmoja mchungaji alihubiri habari za Nuhu huku maji yakimdondokea kwenye kola, na hakuna aliyehitaji mfano mwingine. Ibada ilipokwisha wakakubaliana kujenga.

Kiangazi kizima wakafanya kazi. Wanaume walikanyaga udongo na kuuminya kwenye vibao. Akina mama walipandisha maji kutoka mtoni kwa vichwa, wakiongozwa na Bibi Tusekile, mjane aliyekuwa na umri wa kuitwa bibi na shingo ya kubeba ndoo mbili. Matofali mabichi yalipokauka, kazi ya kuyapanga tanuri na kuyachoma alipewa Asajile.

Asajile alikuwa fundi, hilo hakuna aliyembishia. Ila alikuwa na ugonjwa wa kutotulia. Akila, alikula amesimama. Akisali, mguu mmoja ulikuwa nje ya banda. Mkewe alisema usingizi wa mume wake ni wa mlinzi: jicho moja linalala, la pili linahesabu kazi za kesho. Ukimwambia pumzika ndugu yangu, alicheka. "Uchovu?" alikuwa akisema. "Uchovu mimi nausikia kwa majirani."

Watu walimtania kwa hilo, lakini wachache walijua lilikotoka. Baba yake alifariki akiwa ameacha nyumba imefika madirishani. Kuta zile zililala wazi, mvua ikazila kidogo kidogo, mpaka ng'ombe wakawa wanapita katikati ya kile ambacho kingekuwa sebule. Asajile, mtoto wa kwanza, alipita pale kila siku akienda shule. Akatoka na somo lake moja: kitu usichokimaliza leo, hakitamalizika. Aliishi akikimbizana na mvua iliyokwisha kunyesha zamani.

Basi tanuri likawashwa. Magogo yakasukumwa kwenye midomo yake, Asajile akachochea usiku na mchana, macho mekundu kama makaa yenyewe, hadi moto ukapanda ukafika juu. Siku ya Ijumaa alifanya kama fundi yeyote anavyofanya. Aliiziba midomo, akalikandika tanuri udongo pande zote, akaliacha.

Hapo ndipo penye kazi ngumu kuliko zote, maana ni kazi ya kutofanya kitu. Tanuri lililokandikwa linabaki na moto wake ndani, linapika polepole, kisha linapoa polepole. Haliguswi mpaka uweze kuweka kiganja ukutani kama unavyogusa paji la uso la mtoto, ukaona homa imeshuka. Asajile alilijua hilo. Alishawafundisha wengine. Lakini Jumamosi aliligusa asubuhi, akaligusa mchana, akaligusa jioni, na kila mara lilimchoma, na kila mara alishangaa.

Jumapili asubuhi mawingu yalikaa juu ya mlima. Hayakuwa mengi. Ila Asajile aliyaona yakiwa tayari yanamwaga maji juu ya kanisa lililofika madirishani.

Watu walipokuwa wanashuka kwenda bandani, Bibi Tusekile alimkuta amesimama kando ya tanuri na mtaimbo mkononi. Alimuuliza kama haendi ibadani. Asajile akamjibu kwamba Bwana mwenyewe aliruhusu: ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya sabato, anaopolewa. Hii ni kazi ya Mungu, bibi, alisema; nyumba yake, matofali yake, na mawingu yale pale.

Bibi Tusekile aliyatazama mawingu, akalitazama tanuri, akautazama mtaimbo. "Mwanangu, ng'ombe namwona," akasema. "Kisima sikioni." Akaenda zake, maana kengele ilikuwa imelia.

Asajile akasubiri hadi wimbo wa kwanza uanze. Kisha akapanda juu, akabomoa udongo wa kichwani, akashuka, akatoboa ubavu mmoja ili joto litoke. Joto likatoka, likaondoka na nyusi zake zote mbili. Halafu upepo wa mlimani, ule wa baridi ambao ulikuwa unazunguka nje tangu alfajiri ukitafuta pa kuingilia, ukaona mlango.

Bandani walikuwa wamefika kwenye sala ya kimya. Vichwa vimeinama, hata watoto wametulia. Ndipo wakasikia.

Mzee Gwamaka alinyamaza hapo, akawaacha vijana wangoje.

Ta.

Wakatazamana.

Ta. Ta-ta.

Ilikuwa sauti kavu, ndogo, ya kitu kigumu kinachoachana na kingine, na ajabu ni kwamba midomo ya mzee ilikuwa imefungwa kabisa. Atupele alijisemea moyoni kwamba wazee wa zamani walijaliwa vipaji, na kwamba kwaya ingefaa kumchukua.

"Hivyo hivyo," mzee akaendelea haraka kidogo. "Yalilia hivyo hivyo."

Mwanzoni waumini walidhani ni matone ya mvua, wakasogea kila mtu kukwepa tundu lake. Lakini hakuna aliyelowa. Sauti zikazidi, zikawa kama bisi kwenye sufuria, na mchungaji akasema amina kabla ya wakati. Wakatoka wote mbio.

Walimkuta Asajile ameketi chini, mtaimbo umelala miguuni. Matofali ya ubavu ule yalikuwa yanapasuka mbele ya macho yake, moja baada ya jingine, na kila lililopasuka lilikuwa na mtu pale aliyelikanyagia udongo au aliyelibebea maji. Hakuna aliyemkemea. Afadhali wangemkemea. Mama mmoja alishika kichwa mahali palepale alipokuwa akiweka ndoo.

Asajile akasema kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake, "Niliogopa tusingemaliza."

"Najua," Bibi Tusekile akasema. "Ng'ombe hakuwa kisimani, mwanangu. Wewe ndiye uliyemsukuma."

Mchungaji alisogea, akachungulia lile tundu, akarudi nyuma. Akavua koti lake akalitundika kwenye mti, akakunja mikono ya shati. "Sasa kweli yumo kisimani," akasema. "Tumwopoe, halafu turudi tukamalizie sala."

Wakaukanda udongo kwa miguu iliyotoka kuvua viatu vya Jumapili. Akina mama walifunga khanga zao viunoni, wanaume walikunja suruali, kwaya ikaimba wimbo uliokuwa umekatizwa, na tanuri likazibwa juu na ubavuni kabla upepo haujafika katikati. Asajile aliponyanyuka kutaka kusaidia, Bibi Tusekile alimkalisha chini kwa kidole kimoja. Yeye, alimwambia, alikuwa na kazi nyingine. Angekaa pale, kivulini, alitazame tanuri bila kuligusa.

"Nikae tu?" Asajile akauliza.

"Kuchochea kulikuwa kwako, ukakufanya vizuri. Kilichobaki siyo chako. Yule aliyeumba ulimwengu akapumzika siku ya saba, ulidhani alikuwa amechoka kuliko wewe? Alijua akikaa, dunia haianguki. Hebu kaa na wewe, uone kama itaanguka."

Watu wakarudi bandani. Asajile akakaa. Mara ya kwanza alikaa kama mtu aliyekalia siafu. Aliyatazama mawingu, akalitazama tanuri, akaitazama mikono yake ambayo haikuwa na cha kufanya. Wimbo ukawa unamfikia kutoka bandani. Alingoja kitu kianguke. Hakikuanguka. Sauti za kupasuka zikapungua, zikakoma. Mawingu, bila msaada wa mtu yeyote, yakavuka mlima yakaenda zao. Asajile akasema maneno machache ambayo hakuna aliyeyasikia ila aliyeambiwa, na hiyo ikawa sala yake ya kwanza kuisali miguu yote miwili ikiwa ndani. Kisha kichwa kikaegemea mti, na macho yote mawili yakalala.

Alilala jioni ile, akalala usiku kucha. Mkewe alimletea blanketi, akakaa kando yake akimtazama kama mtu anayetazama mgeni aliyekuwa akimsubiri tangu aolewe.

Tanuri lilipopoa, wakalifungua. Ubavu ule ulikuwa vigae vitupu. Lakini ndani, kule ambako hakuna mkono uliofika, matofali yalikuwa mekundu kama nyama ya tikiti, na ukigonga mawili yalilia kama kengele. Yalitosha kuta. Vile vigae Asajile aliomba mwenyewe vishindiliwe chini kuwa sakafu, ili kila akiingia ibadani avikanyage na akumbuke. Kanisa likaezekwa, mvua ikaja, na kwa mara ya kwanza mchungaji alihubiri habari za Nuhu akiwa mkavu. Na tangu hapo, mtu yeyote wa bondeni akionekana anahangaika siku ya Bwana, haambiwi mengi. Anaambiwa maneno aliyoyasema Asajile mwenyewe alipotoa tofali la kwanza zima na kuligonga kwa ukucha.

"Na ndiyo maana," Mzee Gwamaka akasema, akiwatazama vijana mmoja mmoja, "mimi mikono yangu, siku kama ya leo…"

"Baba Ipyana."

Mkewe, Bibi Subilaga, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Mzee alidhani amelala.

"Bakuli langu la bati limeenda wapi?" aliuliza, kwa ule upole ambao kila mwanamume aliyeoa anaujua.

"Bakuli gani?"

Ta, blanketi likajibu.

Bibi Subilaga akaja, akalinyanyua blanketi kwa ncha, taratibu. Juu ya mapaja ya mzee lilikuwa bakuli limejaa punje za mahindi nusu yake. Magunzi mawili yalikuwa matupu, na la tatu, lenye kipara upande mmoja, bado lilikuwa mkononi, kidole gumba kikiwa kazini. Punje moja ikaruka, ikatua kwenye kandambili.

"Kuku," mzee akasema. "Kuku hawana kosa. Ng'ombe akitumbukia kisimani…"

"Kuku wameshakula. Ng'ombe sioni, kisima sikioni. Naona bakuli."

Akalichukua. Akamfunika mumewe blanketi upya, safari hii mikono ikiwa juu, akawageukia vijana ambao walikuwa wanaumia mbavu kwa kuzuia kicheko, akawaambia waende nyumbani wakalale. Sauti zao zingekuwa zimerudi zenyewe kesho. Lakini kwanza walipe hadithi.

"Tofali huiva," akaanza.

"Tanuri likilala," wakaitikia, Atupele kwa sauti iliyombakia. Na Mzee Gwamaka, mikono mitupu, akaitikia pamoja nao, chini chini kuliko wote.