Mtoto Asiyekohoa Mbele ya Daktari

Sogeeni, na anayetafuna amalize kwanza. Ugomvi huu umenishinda kuuamua, ndiyo maana nauleta kwenu.

Mitondooni palikuwa na wanawake watatu, kila mmoja na chake. Kazija, msichana wa darasa la saba, alikuwa na masikio. Mlango ukilia mtaa wa pili, anakwambia ni wa nani. Salha alikuwa na jua: paneli juu ya bati, betri chini ya kitanda. Raya, jirani yao, alikuwa na mdomo, na zaidi ya mdomo hakuwa na kitu.

Mama yake Kazija ni Mize. Mize na Salha wameolewa na Makame, ua mmoja, salamu hakuna. Mize anazaa, Salha hajapata. Mengine jazeni wenyewe.

Mize akapata mtoto wa kike, na mtoto akashikwa na kikohozi. Kila alfajiri anakohoa mfululizo mpaka midomo inapiga zambarau, kisha anavuta pumzi kwa mlio wa jogoo anayekabwa. Mize anambeba mpaka zahanati. Akifika, kimya! Mtoto anatabasamu kama aliyehongwa.

"Mama, huyu mzima," daktari anasema. "Kifua safi. Kamnyonyeshe."

"Alfajiri anakufa, daktari."

"Mimi namwona saa hizi."

Kesho yake vilevile. Makame akasimama uani akaapa mbele ya majirani: "Atakayeniokolea mtoto huyu ndiye somo wake. Ataitwa jina lake, na akiacha ziwa atakwenda kulelewa kwake." Mwanamume akibabaika huahidi asichokibeba tumboni.

Sasa, Kazija alikuwa na kishikwambi alichopewa shuleni. Mwalimu mkuu alisema ni cha masomo tu. Nyumbani kilikuwa taa ya jikoni, kioo cha kufungia mtandio na cha kupigia hesabu za unga. Alfajiri moja Kazija alisikia pumzi ya mdogo wake ikibadilika, mama mtu bado anakoroma. Akakirukia arekodi. Kimejaa! Ndani mlikuwa na kazi yake ya mtihani, sauti za wazee alizozikusanya muhula mzima. Akazifuta, akarekodi kikohozi mwanzo hadi mwisho. Mtihani alipata sifuri, na nafasi yake ya shule ya bweni akapewa mwengine.

Kishikwambi nacho kikazimika chaji kabla hakijafika popote. Masika ilikuwa imeangusha nguzo, umeme hakuna. Betri ya Salha ilibaki na nguvu kidogo, nayo ilikuwa inapasha moto mashine ya kuangulia vifaranga, mayai yako karibu kupasuka. Mize akaenda akasimama mlangoni kwa mke mwenzake.

"Leo umeuona mlango wangu," Salha akasema.

"Shida imenileta."

"Nikiichomoa mashine, vifaranga wangu watafia ndani ya ganda."

"Najua, Salha."

"Hujui. Wewe unaangua bila mashine."

Akaichomoa. Mayai alikwenda kuyafukia nyuma ya choo, na hakungoja pole ya mtu.

Raya ndiye aliyefuatana na Mize zahanati. Daktari hata mkono hakuunyoosha. "Sisikilizi vitu vya kwenye vioo. Hapa si stesheni ya redio."

Mize akageuka arudi zake. Raya akaketi katikati ya mlango, miguu kainyoosha.

"Haingii mgonjwa, hatoki mzima! Utasikiliza, au utaniruka na hilo koti lako jeupe!"

Mlinzi akamburura mpaka kanga ikachanika, na yeye anapayuka tu. Daktari akasikiliza ili apate amani. Sauti ilipofika kwenye ule mlio wa jogoo, uso ukamgeuka. "Kifaduro hiki! Iteni gari!"

Mtoto akalazwa hospitali kubwa, akapona. Raya akapigwa marufuku kukanyaga zahanati ile, na ana mimba ya kukaribia kujifungua. Atazalia wapi, hajui.

Ikafika siku ya kumpa mtoto jina. Watu wamejaa uani, mwalimu mkuu naye kaja kudai mali ya shule. "Kishikwambi ni cha masomo!"

"Kaa basi, mwalimu," Raya akamwambia. "Na sisi somo ndiye tunayemtafuta."

Wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha kudumu.

"Sauti bila chaji ni nini?" Salha akauliza. "Kibao cha kukatia vitunguu."

"Na kibao chenye chaji bila mdomo wangu?" Raya akasema. "Mngeuimbia ukuta."

Kazija akasema taratibu, "Mngechaji nini? Mngepigia kelele nini?"

Makame akamgeukia Mize. "Wewe ulikuwepo kote. Taja jina."

Mize akamkumbatia mtoto. Akimtaja Kazija, mtoto anabaki kifuani pake, na kila mtu atajua kwa nini kamtaja. Akimtaja Salha, atamwachisha mtoto ziwa, kisha atamsikia kutoka ng'ambo ya ua akimwita mwengine mama. Akimtaja Raya, anamtia mtoto kwenye nyumba yenye watoto wanaogombea sufuria. Na hakuna hata mmoja kati yao ambaye bila yeye mtoto angekuwa hai.

Akafungua mdomo.

Mimi naishia hapo. Msinijibu "wote watatu". Nadhiri ilitaka jina moja, na mtoto hagawanywi mafungu kama samaki. Nataka jina. Wewe unayetazama chini, nakuuliza wewe: ungekuwa Mize, ungemtaja nani, ukijua wale wawili uliowaacha wataamka kesho ukuta kwa ukuta na wewe?