Bi Mashavu Hakususa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa bibi, pakawa kilima, pakawa chungu kilichofunikwa. Sogeeni, na anayetafuna ameze kwanza.

Hapo kale, katika kijiji kimoja, aliishi Bi Mashavu. Watu wa kijiji kile walikuwa na desturi yao: asiyekula amesusa, na aliyesusa sharti abembelezwe kwa chakula. Basi wakala! Asubuhi muhogo, mchana ugali, jioni wali, na jirani akipita mnaanza upya.

Bi Mashavu akanenepa hadi magoti yakalia, ka! ka! Siku moja ikaja habari: binti yake Mwanamvua, aliyeolewa kule kilimani, amejifungua. Na jina hutolewa na bibi, akiwa amempakata mtoto huko huko alikozaliwa.

Bi Mashavu akaanza kupanda. Magoti ka! ka! Pumzi hu! hu! Hakufika hata nusu. Akakaa chini akalia.

"Mjukuu wangu hatakosa jina," akasema. "Nitapanda tu!"

Akarudi nyumbani, akafunika chungu. Siku akila, siku akifunga: mchana kutwa maji tu, jioni chakula kidogo.

Majirani wakaja mbio na masinia.

"Bi Mashavu, nani kakuudhi?"

"Hakuna."

"Mbona umesusa?"

"Sijasusa, nimefunga! Anayesusa ana ugomvi na watu. Mimi nina ugomvi na kilima."

Wakacheka. Kesho wakaja tena, na samaki wa kukaanga. Lo, ile harufu! Tumbo likanguruma, ngru! ngru!

"Nguruma," akaliambia. "Ukichoka utanyamaza."

Mwezi ukaandama, mwingine ukaandama. Kule juu mtoto, bado hana jina, akaitwa Kachanga tu. Bi Mashavu akafunga, akala, akafunga, na kila akijaribu kilima akafika mbele kidogo. Mwili ukawa mwepesi. Asubuhi moja akapanda. Magoti kimya. Pumzi ikamtosha. Akafika!

Mwanamvua akamkumbatia kwa furaha, kisha akasukuma sahani yake kando. "Mama, nami nitafunga kama wewe."

"Thubutu! Wewe unanyonyesha. Kula! Kufunga si kwa kila mtu."

Akamsimamia hadi akamaliza. Ndipo akampakata mtoto.

"Utaitwa Kilima," akasema, machozi yakimtoka. "Mimi na kilima tumepatana."

Tangu siku hiyo, kijijini pale, mtu akifunika chungu huulizwa kwanza: umesusa au umefunga? Nanyi wanangu, tumbo mlilishe, lakini msiliachie litawale nyumba.

Nami hadithi yangu naifunika hapa. Mwenye njaa nayo aifunue kesho.