Mbuzi Asiyeshika Kutu

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema, bali zamani ya juzijuzi, umeme ukiwapo na ukikatika, halmashauri ya mji wa Matanuru iliamua kusimamisha sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Wajumbe wakabishana: simba au twiga? Mwishowe wakapitisha mbuzi, kwa sababu mbuzi ndio waliokuwa wakilala pale miaka yote, na hakuna kikao kilichowahi kuwaondoa.

Mbuzi huyo awe wa chuma kisichoshika kutu. Kazi wakapewa mafundi watatu wa uwanja wa jua kali: Ngwali, Kidawa na Mkumbo. Ujira ulikuwa chumba sokoni, chenye paa na mlango. Chumba kimoja, fundi mmoja; ndivyo kanuni ilivyosema. Wawili watakaobaki wangehama mji, maana uwanja wao ulikuwa umeshapangiwa maegesho ya magari, ingawa magari yenyewe yalikuwa bado hayajapatikana. Na siku ya uzinduzi ikionekana hata chembe ya kutu, wangehama wote.

Wakaenda ghalani kuchagua vifaa.

"Fundi mmoja, kifaa kimoja," akasema mtunza ghala.

"Na nikihitaji viwili, bwana mkubwa?" akauliza Kidawa.

"Basi uwe mafundi wawili."

Ngwali akazitazama nyundo za chuma, akaziacha. Akachukua nyundo ya mti. Wenzake wakacheka.

"Kaka Ngwali, unafua chuma au unatwanga kisamvu?"

"Nyundo ya chuma huacha unga wake juu ya kazi, na unga huo ndio unaoshika kutu. Mti hauachi kitu."

Kidawa akaitazama fuawe, lile pande la chuma la kufulia, akaiacha. Akachukua mfuko wa ngozi uliojaa mchanga. Wenzake wakacheka.

"Dada Kidawa, umekuja kufanya kazi au kulala?"

"Bati ukiligonga juu ya fuawe unapata sinia. Juu ya mchanga linabonyea, unapata tumbo. Mbuzi wenu ana tumbo au hana?"

Mkumbo akavitazama vyote, akaviacha vyote. Akachukua brashi ndogo ya waya, mpya, nyuzi zake za chuma kilekile kisichoshika kutu. Hapo hata mtunza ghala alicheka.

"Utampigisha mbuzi mswaki?"

"Ikibidi."

Kazi ikaanza. Kidawa akashika bati juu ya mfuko wake, akaligeuza, akaligeuza. Ngwali akagonga, akagonga. Likaja tumbo, ikaja shingo, yakaja mapaja. Mkumbo akanywa kahawa. Walipochomelea vipande kwa mashine ya jirani, Mkumbo akaja akasugua weusi wa maungio, kisha akarudi kwenye kahawa yake.

Zikabaki pembe. Bati la pembe lilikuwa nene, na chuma hiki kina kiburi: kadiri unavyokigonga ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu. Nyundo ya mti ikapasuka. Ngwali akaenda kwa jirani yuleyule, akarudi na nyundo ya chuma.

"Kaka, si wewe mwenyewe uliyesema..." akaanza Kidawa.

"Nilisema. Sasa niambie, mbuzi bila pembe ni nani?"

"Ni punda mfupi," akasema Mkumbo, kikombe mdomoni.

Ngwali akazifua. Zikatoka pembe za beberu hasa, mpaka wapita njia wakazipisha.

Asubuhi ya uzinduzi, kabla wakubwa hawajafika, pembe zilikuwa na vidoa vyekundu. Ngwali akakaa chini. Mkumbo akaweka kikombe, akakamua ndimu, akachovya brashi, akasugua mpaka jasho likamtoka kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze.

Afisa wa halmashauri akafika, akavaa miwani, akamzunguka mbuzi, akachungulia hata chini ya mkia. Hakuona kutu.

"Mbuzi amepita," akatangaza. Akatoa ufunguo mfukoni. "Chumba ni cha nani?"

"Changu," akasema Ngwali. "Mbuzi huyu ametoka mkononi mwangu, kwato hadi pembe. Tena nilichagua mti, ndiyo maana kutu ilishika pembe tu, si mwili mzima."

"Kutu uliileta wewe, nikaiondoa mimi," akasema Mkumbo. "Bila brashi yangu, sote leo tungekuwa tunafunga virago."

"Na bila pembe zangu ungesugua nini? Kikombe?"

Kidawa akawatazama wote wawili.

"Nyundo yako ilipasuka, kaka. Na wewe, brashi yako ilipumzika. Mfuko wangu umepigwa tangu bati la kwanza, haukupasuka wala haukupumzika. Au kwa kuwa hakuna alama yake juu ya mbuzi, basi haukuwapo?"

Afisa akapendekeza kamati ndogo. Wakakataa kwa sauti moja. Ndilo jambo pekee walilokubaliana siku ile.

Haya, nyinyi mnaosikiliza, amueni. Msiniambie wagawane, kanuni haijui neno hilo. Yuko aliyempa mbuzi umbo akampa na kutu. Yuko aliyemwokoa baada ya kahawa nyingi. Na yuko ambaye hakukosea wala hakuonekana. Ufunguo ni mmoja. Je, mngemkabidhi nani?