Nafaka Hupisha Ncha

Nafaka hupisha ncha, haipishi kifua. Mmemsikia Mama Nzunda akimwambia mwanawe maneno hayo, na sasa mnataka kujua yalikotoka. Nitawaeleza, maana mimi nilikuwa mmoja wa walioshika kamba.

Katika ghala letu la zamani mahindi yalimwagwa bila magunia, yakapanda juu kuliko paa la nyumba. Chini palikuwa na mlango mdogo wa kujazia lori. Ukifunguliwa, ilikuwa marufuku mtu kusimama juu. Simbeye, mpagazi aliyebeba magunia mawili kwa mkupuo, aliijua amri hiyo. Lakini siku hiyo mahindi yaligandamana, yakakataa kushuka, naye akapanda kuyavunja kwa miguu, mlango ukiwa wazi.

"Kifua hiki kimezwe na mahindi?" alituuliza, akacheka.

Mahindi yaliachia ghafla. Hapakuwa na kishindo. Tulipogeuka, Simbeye alikuwa amezama hadi kwapani.

Tulifunga mlango, tukatandika mbao juu ya mahindi, tukamtupia kamba. Akaipitisha kwapani. Tukavuta tukiwa watu sita, hakusogea. Alipiga ukelele ambao sikujua kama mtu mzima anaweza kuutoa. Kila aliposhusha pumzi, punje ziliteleza zikajaza nafasi, na pumzi iliyofuata ikawa fupi zaidi.

"Acheni! Mtamkata vipande!" alisema shemeji yake, Tusekile. Kazi ya mwanamke huyo ilikuwa kuchoma magunia kwa bambo, kile chuma chembamba chenye ncha cha kutolea punje za kukaguliwa. "Leteni mabati."

Tuliyachomeka kwa ukingo, yakapenya. Tukamzungushia, akawa kama yumo ndani ya pipa, kisha tukachota mahindi kwa madebe hadi katikati ya kifua. Tukavuta tena. Bado.

Tusekile aliinama. "Shemeji, viwiko umevitanua, na nyayo najua umezikunja kama jembe. Bana mikono. Vidole vya miguu vitazame chini."

"Nikijibana nitazama, Tuse!"

"Kamba imekushika. Ukitanuka huwezi kuzama, lakini huwezi kutoka pia. Hicho kifua kitie mfukoni leo, utakitoa kesho."

Siku nyingine tungecheka. Simbeye alitutazama mmoja mmoja, akipima kama kweli tutamshika. Kisha akafumba macho, akabana mikono.

Akashuka kiasi cha kiganja. Kamba ikatetemeka mikononi mwetu. Mtu nyuma yangu alianza kusali.

"Sasa!" alisema Tusekile.

Tukavuta. Akaja, polepole, amenyooka kama bambo linapochomolewa guniani. Viatu vyake vilibaki huko huko chini.

Alilala juu ya mbao, kifua kikipiga miluzi. Meneja alifika, akashangaa: imekuwaje mwenye nguvu kuliko wote aokolewe kwa maarifa ya mwanamke asiyeweza kubeba hata gunia moja?

Simbeye alimjibu bila kufumbua macho:

"Nafaka hupisha ncha, haipishi kifua."