Nani Amekirudisha Kicheko cha Athanas?

Sogeeni, na mwenye simu aizime, maana nikikatizwa narudia mwanzo. Nina kesi ya Morogoro, mji wangu, na siombi radhi kwa kujivuna.

Palikuwa na watu watatu. Mwanaidi, msusi, alijaliwa moyo wa kutunza: akishika kitu hakipotei. Kobero, fundi redio, alijaliwa mikono: hata kilichotupwa, akikigusa kinaamka. Pelagia, mwalimu wa kwaya, alijaliwa masikio: watu mia wakiimba, anamjua aliyekosea na mtaa anaokaa.

Na palikuwa na bendi, Vimondo. Sisi watu wa Morogoro tulipiga roki, jamani! Magitaa ya umeme, suruali za bugaluu zinazofagia sakafu, viatu vya raizoni vyenye soli nene kama tofali. Watu wa Dar es Salaam walipanda treni kuja kutuona sisi. Mwimbaji, na gitaa lake jekundu, alikuwa Athanas Mkude.

Jumapili moja mchana, katikati ya wimbo, umeme ukakatika. Gitaa kimya, maikrofoni kimya. Bendi nyingine ingeshuka jukwaani. Athanas akacheka, akapaza sauti: "Umeme umeondoka, Morogoro ipo! Imbeni!" Ukumbi mzima ukaimba, mpiga dramu akifuatisha, mpaka umeme uliporudi na gitaa likaingia palepale lilipotakiwa. Leo kila mtu mjini kwetu anasema alikuwepo. Ukumbi wenyewe usingewatosha.

Miaka ikapita, Athanas akafariki. Wenzake wakaamua kutoa santuri ya kumbukumbu: upande mmoja nyimbo, upande wa pili wao wenyewe wakisimulia bendi ilivyozaliwa na ilivyovuma. Kila aliyehojiwa aliitaja Jumapili ile, lakini hapakuwa na rekodi ya siku hiyo popote.

Mjane, Mama Mkude, akasema, "Nyimbo zake ninazo. Kicheko chake sina. Atakayenirudishia, nitampa gitaa la marehemu."

Mwanaidi alikuwepo kweli siku ile, chini ya jukwaa, na redio kaseti ya betri mapajani, inarekodi. Dada zake walitaka kuitumia kanda ile kurekodi harusi, akakataa. Nyumba ilipoingia maji, aliacha masufuria yaelee, akatoka na kanda. "Masufuria yanauzwa dukani," alisema.

Lakini kanda ilikuwa imeota ukungu na kukatika vipande vipande. Kobero akaifungua kwa wembe, akaufuta mkanda kidogo kidogo, akauunganisha kwa seloteipu nyembamba.  Mkewe akamletea chai ikapoa, akaleta nyingine ikapoa nayo. Kanda ikazunguka.

Ikazunguka, na kilichosikika ni vigelegele na vishindo vya miguu. Mzee Kunambi, kiongozi wa bendi, akasema, "Kateni hapo. Kelele tupu."

Pelagia akamshika mkono. "Subiri, baba. Marehemu yumo humu." Akawa anazungusha swichi za mashine ya kuchanganya sauti, anashusha huku, anapandisha kule, anarudia mpaka wengine wakachoka. Vigelegele vikarudi nyuma. Kicheko kikaja mbele, halafu maneno.

Siku ya kuzindua santuri, wazee wenye mikongojo walisimama. Ilipofika pale umeme unapokatika, ukumbi haukungoja kuombwa, ukaimba. Mimi nililia, na sioni haya. Mama Mkude hakulia. Alicheka pamoja na mumewe.

Kisha akalichukua gitaa. "Haya, wanangu. Nani kanirudishia?"

"Mama, bila mimi wangeunganisha nini?" akasema Mwanaidi.

"Na bila mimi, mama, ungekuwa umetunziwa takataka," akasema Kobero.

"Na bila mimi wangekata wakatupa," akasema Pelagia.

Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Watu wa kwetu tunajua thamani yetu. Mzee Kunambi akashauri litundikwe ukumbini, liwe la mji mzima.

"Athanas hakulinunua lining'inie," mama akamjibu. "Linataka mtu mmoja, alipige."

Akanigeukia mimi niamue, halafu akakumbuka kuwa Kobero ni shemeji yangu, akanifuta. Basi imebaki kwenu. Mama amekaa, gitaa la mumewe mapajani, na mikono mitatu iko mbele yake, yote ina haki. Je, ungekuwa wewe, ungeliweka katika mkono upi?